Mrejesho: mkojo kuvuja kabla muda wa mpira haujafika

Niliuliza kwa nini aliyeumia uti wa mgongo avuje mkojo ilhali anatumia mpira wa mkojo (katheta inayoingizwa kutoa mkojo kisha kuondolewa) kila baada ya saa 6. Asanteni, jibu limepatikana kwenye daftari: siku 3 za kuandika saa, maji yaliyonywewa na mililita zilizotoka. Asubuhi zilitoka 700, wakati inatakiwa zisizidi 500 kwa mara moja.

Sasa mpira ni kila saa 4, na maji hunywewa zaidi mchana, kidogo katika saa 3 za mwisho kabla ya kulala. Miguu iliyovimba mchana hurudisha maji kwenye damu mtu akilala, ndiyo maana usiku kibofu hufurika. Kuinua miguu alasiri kumesaidia kuliko nilivyodhani.

Mkojo ukikoma, vuta mpira taratibu, na acha kuvuta kila mkojo unapotoka tena. Wengi hukosea hapa. Unaobaki hualika maambukizi.

Mvujo mdogo bado upo kwa kuwa kibofu hujikaza chenyewe. Daktari ameongeza oksibutinini, dawa ya kutuliza msuli wa kibofu (tegemea kinywa kukauka na choo kigumu). Ikishindikana, zipo sindano za botoksi (dawa ya kulegeza misuli) kwenye msuli wa kibofu, hudumu miezi kadhaa kisha hurudiwa.

Jeraha likiwa T6 (usawa wa pingili ya sita ya mgongo, sehemu ya kifua) au juu yake, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kikianza kugonga ghafla na jasho likatoka, keti wima, legeza nguo, toa mkojo papo hapo. Kisipotulia, hospitali bila kusubiri.