Tupeane uzoefu: msanii au mwandishi gani alikufa ukamlilia kama wa nyumbani kwenu?

Mwanzisha mada, Tanga
Wakuu, salaam. Akifa jirani unajua la kufanya: unakwenda kuhani, unatoa rambirambi, unakaa mkekani na wenzio. Akifa msanii uliyempenda, ambaye wewe hata hakujui, pole unampa nani?

Wangu ni King Majuto. Mama alipigwa kiharusi, akawa hasemi tena. Jioni nikimwekea filamu za Majuto, bega lake la kulia, lile lililobaki na nguvu, lilitikisika mpaka shuka inateleza. Ndivyo alivyocheka. Mama alitangulia 2017. Tarehe 8 Agosti 2018 ikatangazwa Majuto kafariki Muhimbili. Wakamleta kwetu Tanga kumzika, nami nikaenda. Nilisimama nyuma kabisa, nikalia hadi mzee mmoja mwenye kanzu akanishika mkono: "Ni baba yako?" Nikamjibu ndiyo.

Mchangiaji, Dar
Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, Aprili 2012. Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya kumuaga, Leaders Club kulijaa hadi nje, watu wanazimia, wanabebwa juu juu. Mimi nilichoshindwa kumeza ni umri wake. Miaka 28! Nyumbani kaka yangu alikuwa na 28 vilevile. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kumsikiliza kama anapumua.

Mwalimu, Eldoret
Poleni nyote. Mimi ni Ken Walibora. Aligongwa na matatu kwenye Barabara ya Landhies, Nairobi, tarehe 10 Aprili 2020, na habari ikatufikia siku kadhaa baadaye. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, kwa hivyo sikuwa hata na darasa la kuomboleza nalo. Kwenda mazishini ndiyo usiseme.

Nikaitoa nakala yangu ya riwaya yake, Siku Njema, ya enzi za sekondari. Jalada limeng'oka, pambizoni nimejaza maana za maneno kwa penseli. Sisi wa bara tulikua tukiambiwa Kiswahili kina wenyewe, nao wako pwani. Walibora alikulia Cherangani, huku huku kwetu, na nchi nzima ikamsoma. Bila yeye nisingethubutu kusomea ualimu wa Kiswahili, hilo nalisema wazi.

Nilimpigia simu mwalimu aliyenifundisha kitabu hicho, sasa amestaafu. Hatukuongea mengi. Alianza kunisomea ukurasa wa kwanza, nami nikawa namfuata kwa kidole kwenye nakala yangu. Tulipofika chini ya ukurasa sauti yake ilikatika, nikaendelea mimi.

Mchangiaji, Unguja
Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab na unyago, 17 Aprili 2013. Mama yangu mkubwa alichezwa unyago naye. Habari ilipotangazwa redioni alikaa kizingitini, akawa anapiga goti lake kwa kiganja, taratibu, kwa mapigo ya msondo, ngoma ya unyago. Chozi halikumtoka. Tulimwita kula, hakuitika, akaendelea kupiga mpaka adhana ya Magharibi.

Mwanzisha mada, Tanga
Mwalimu, pole sana. Na huyo mwalimu wako mfikishie pole zetu. Wa Unguja, mkono wangu kwa mamkubwa.

Kezilahabi naye alitutoka Januari 2020. Aliyesoma kwake au aliyelala na vitabu vyake chini ya mto, aje atuambie. Nipo, nangoja.