Wakili anataka dola 2,800 kufunga CORI (rekodi ya jinai ya jimbo la Massachusetts): je, ni bei ya haki?

Kutoka: Mama Neema, Lowell

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Alhamisi iliyopita nilikwenda kwenye usaili wa N-400, yaani ombi la uraia wa Marekani, nikatoka na barua badala ya tarehe ya kiapo. Ofisa aliniuliza kama nimewahi kukamatwa, nikajibu hapana, kwa kuwa ndivyo nilivyoelewa mwaka 2018 kesi yangu ilipofutwa. Akanyamaza kidogo, kisha akanisomea kutoka kwenye karatasi tarehe na mji nilipochukuliwa alama za vidole mwaka 2017.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitoka dukani nikisukuma kigari cha mtoto, na kule chini tunakoweka nepi kulikuwa na koti la mtoto la dola 34 ambalo sikulilipia. Wakili niliyepewa na mahakama alinishauri nikubali CWOF ya mwaka mmoja, yaani nikiri kwamba ushahidi unatosha, na kesi iahirishwe kwa masharti bila hukumu ya hatia; nikatimiza kila sharti, kesi ikafutwa. Sasa nina siku 30 za kupeleka nakala ya uamuzi yenye muhuri. Wakili niliyemwendea anataka dola 2,800 ili aifunge CORI yangu, na nusu nimlipe kabla hajaanza kazi. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi, na kiasi hicho sikipati bila kufanya zamu za usiku mfululizo. Naomba kuuliza: je, hiyo ndiyo bei ya kawaida, au naonewa?

Kutoka: Baba Imani, Worcester

Pole sana, dada. Mimi mwaka 2021 nililipa dola 1,500 kwa kesi moja ya kuendesha gari wakati leseni imesimamishwa. Tulikaa kwenye benchi la korido tangu saa tatu asubuhi, tulipoitwa ndani mambo yakaisha kabla sijapata joto kwenye kiti, na wakili akaniaga palepale mlangoni. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba katika jimbo hili mahakama haitozi ada yoyote ya kufunga rekodi. Fomu ni ya bure, unaijaza mwenyewe na kuituma kwa posta kwa Kamishna wa Probesheni huko Boston, mradi miaka mitano iwe imepita. Usimpe mtu dola 2,800 kwa kazi ya stempu.

Kutoka: Mwalimu, Lynn

Baba Imani, kwa heshima zote, miaka mitano ni hesabu ya zamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2018 ni miaka mitatu kwa makosa madogo na saba kwa makosa makubwa. Tena kesi ya Mama Neema, kwa kuwa ilifutwa baada ya CWOF, haihitaji kungoja hata mwaka: anaweza kwenda kwa hakimu kwa kifungu cha 100C cha sheria za jimbo, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ililegeza masharti yake mwaka 2014. Tuwe waangalifu tunapoandika hapa, maana kuna watu wanaotenda kwa kufuata maneno yetu.

Lakini dada yangu, nakusihi, usifunge chochote kwa sasa. Kufunga CORI kunamzuia mwajiri wa kawaida asiione kesi. Hakumzuii ofisa wa uhamiaji. Kwa sheria ya shirikisho, mtu akikubali mbele ya hakimu kwamba ushahidi unatosha, kisha akawekewa masharti, hiyo ni hatia, hata kama jimbo linasema kesi ilifutwa. Na ukiifunga leo, nakala yenye muhuri unayodaiwa itakuwa ngumu zaidi kuipata, kwa sababu faili litakuwa limefungwa.

Zaidi ya hayo, koti halinitii hofu kama linavyonitia lile jibu la "hapana" ulilolitoa ukiwa umekula kiapo. Fomu ya N-400 inauliza wazi kuhusu kukamatwa, na maelekezo yake yanasema utaje hata rekodi iliyofungwa au kufutwa. Fedha ulizo nazo mpe wakili wa uhamiaji, si wakili wa CORI.

Kutoka: Shangazi, Brockton

Haya yote ni ya utawala huu wa sasa. Zamani mtu alisamehewa kosa dogo akaendelea na maisha. Mimi nina kesi ya mwaka 2003 na grini kadi, na mwanasheria aliniambia nisithubutu kusafiri, kwamba ninaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege wa Logan nikirudi. Mama yangu alizikwa Nyeri mwaka 2019. Niliyatazama maziko kwa simu, mpwa wangu akiishika. Mkono ukamchoka, simu ikashuka, na udongo wa mwisho sikuuona, niliona viatu vya watu tu. Kule nyumbani cheti cha tabia njema nilikilipia shilingi 1,050 kwa eCitizen kikatoka safi. Hapa hakuna cheti kinachonisafisha.

Kutoka: Mwalimu, Lynn

Shangazi, pole kwa msiba, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Hata hivyo tafsiri hiyo ya hatia ilitokana na sheria aliyoitia saini Rais Clinton mwaka 1996. Tukikosea chanzo, tutangoja uchaguzi ututatulie jambo ambalo chaguzi nyingi zimepita bila kuligusa.

Kutoka: Kijana wa Tanga, Springfield

Shikamooni. Hakuna aliyetaja kifungu cha 29D cha sheria za jimbo. Hakimu wa Massachusetts analazimika kumwonya asiye raia kwamba kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kama kumbukumbu hazionyeshi onyo hilo, unaweza kuomba hukumu itenguliwe. Kutengua kwa sababu ya kasoro ya kisheria uhamiaji wanakuheshimu, kufunga hawakuheshimu. Mimi nililipa dola 4,000, na ndugu wa msikitini walinichangia zaidi ya nusu. Mama Neema, uliwahi kuonywa na hakimu?

Kutoka: Mama Neema, Lowell

Nawashukuru wote. Sikumbuki kuonywa, nakumbuka mtoto alikuwa akilia, na karani alinipa karatasi ya kijani nitie sahihi. Jumatatu nitakwenda kwa karani kuomba nakala mbili zenye muhuri. Lakini bado sijajua kama dola 2,800 ni nyingi au ni kidogo, na yule wakili anangoja jibu langu kesho.

Kutoka: Baba Imani, Worcester

Mimi nimeshasema ni nyingi.

Kutoka: Mwalimu, Lynn

Bei ya kazi usiyoihitaji haina kipimo. Dada, tuandikie tarehe iliyo juu ya barua, kwa maana siku 30 zinaweza kuwa zinahesabiwa tangu hapo, si tangu uliporudi nyumbani. Na hiyo karatasi ya kijani, kama nakala yake ipo popote nyumbani, itafute usiku huu, huenda ikaonyesha kama ulionywa.