Naomba ushauri: sensa ya kilango cha hewa ya moto inapimwaje?

Wakuu habari zenu. Nina Corolla ya kabureta, niko Njombe, na baridi ya Juni huku si ya kuchezea. Asubuhi inawaka vizuri, ila nikikanyaga mafuta inakohoa mpaka injini ipate moto.

Nashuku kile kilango cha kwenye mdomo wa chujio la hewa. Injini ikiwa baridi kinatakiwa kuziba hewa ya nje, ivutwe ya moto kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi. Changu nimekichungulia kwa kioo cha kunyolea: gari inaunguruma, chenyewe hakitikisiki.

Nikachomoa kipaipu cha daiframu (kile kikopo chenye utando kinachovuta kilango), nikaunga kingine kisafi, nikavuta kwa mdomo. Kilango kikapanda. Nikaziba kwa ulimi, kikabaki juu hadi nilipoachia. Kwa hiyo daiframu haijatoboka. Zimebaki paipu za vakyumu (mvuto wa hewa kutoka kwenye injini), ambazo zimekauka kama kuni, na ile sensa ndani ya chujio.

Sensa naipimaje peke yake? Nawaza niipulizie drayeri ya nywele ya mke wangu (akiniona nimekwisha). Ikiwa baridi ishike vakyumu, ikipata moto iachie, au nimekosea? Fundi anasema ning'oe mfumo wote nizibe. Mimi sitaki.