Mrejesho: mchoro wa mfuatano uliojaa alt

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: mchoro wa mfuatano wa UML (lugha ya michoro ya kubuni programu), unaoonyesha ujumbe unavyopishana kati ya sehemu za programu, kwa klasi ya Oda una alt (kisanduku cha njia mbadala) ndani ya alt mpaka hausomeki, ufanyweje? Mlishauri kutenganisha mambo mawili, maisha ya Oda na mfuatano wa ujumbe, na imesaidia kweli.

Maisha ya Oda yamehamia kwenye mchoro wa hali, unaoonyesha hali ambazo kitu hupitia na mishale ya kuhama kati yake: Mpya, Imelipwa, Imetumwa, Imefutwa. Kila mshale una tukio, sharti kwenye mabano ya mraba, kisha kitendo baada ya mkwaju: lipa [kiasi >= jumla] / toaRisiti. Faida ilionekana hapohapo. Kutoka Imetumwa hakuna mshale wa futa, ilhali msimbo unaruhusu kufuta. Mchoro wa mfuatano huonyesha kisa kimoja kimoja, kwa hiyo pengo la namna hiyo hujificha humo. Halafu kumbukeni, kwa UML tukio lisilo na mshale hutupwa kimyakimya, si kosa. Ukitaka kosa, lichore.

Mfuatano umebaki na malipo tu, na alt moja ya kadi kukataliwa. Umesomeka.

Angalieni pia vichwa vya mishale: kilichojazwa ni mwito unaosubiri jibu, kilicho wazi ni ujumbe usiosubiri. Kutuma barua pepe kukichorwa kwa kichwa kilichojazwa, msomaji ataamini Oda imekwama hadi barua iende.

Na masharti ya tukio moja kutoka hali moja yasigongane: yote yakiwa kweli, UML haisemi mshale upi utafuatwa.