Je, aliyefika Uhuru yuko tayari kwa Margherita?

Swali
Salaam, ndugu zangu. Nilipanda Kilimanjaro nikafika Uhuru bila taabu kubwa, na sasa natamani kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, kwa upande wa Uganda. Kampuni moja inaniambia kwamba aliyefika mita 5,895 hana cha kuhofia kwenye mita 5,109. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

Jibu la kwanza
Ndugu, hesabu hiyo inahusu wembamba wa hewa tu. Kilimanjaro, kwa njia za kawaida, ni mlima wa kutembea, ilhali Margherita huupandi ila umefungwa kamba moja na mwongozaji, sururu ya barafu mkononi na meno ya chuma chini ya mabuti. Tena, kabla hujaiona hiyo barafu utakuwa umeshinda siku kadhaa kwenye vinamasi vinavyomeza mguu hadi gotini, ambako mabuti ya mpira yana thamani kuliko ya ngozi.

Jibu la pili
Naongezea juu ya barafuto, yaani mto wa barafu unaosonga polepole mlimani. Kutoka kibanda cha Elena, kilichopo mita 4,541, mtaondoka usiku, mvuke uwanda wa barafu wa Stanley, mshuke kwenye miamba, kisha mpande barafuto ya Margherita, na hapo mteremko ni mkali kwelikweli. Barafu imepungua mno tangu msafara wa Luigi Amedeo wa Italia ulipofika kileleni mwaka 1906, kwa hiyo usiziamini picha za zamani za njia. Mimi meno ya mguu wa kushoto yalinichomoka katikati ya mteremko, kwa kuwa niliyokodishwa hayakulingana na buti langu. Tulisimama vidole vikifa ganzi huku mwongozaji akiyafunga kwa kipande cha kamba. Yavae na uyajaribu ukiwa bado chini.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Basi niiulize nini kampuni kabla ya kulipa?

Jibu la pili
Uliza mwongozaji mmoja hufunga kamba na wageni wangapi, ni lini mara ya mwisho alivuka barafuto hiyo, na ni saa ngapi atawageuza hata kama kilele kinaonekana. Wakikujibu kwamba mtayajua huko huko, tafuta kampuni nyingine.