Nachonga bloku ya shaba ya kupozea prosesa kwa maji: nikagulieni mchoro

Chipu_Moto
Wakuu, chumba changu Mbagala hakina AC, na joto la Februari mnalijua. Prosesa yangu ya Ryzen 5 3600 nikiipa kazi ya video inagonga nyuzi 90. Nimepata kipande cha shaba nyekundu kwa wauza skrepa, mm 60 kwa 60, unene 12. Nataka fundi wa leti (mashine ya kukereza) Gerezani akikombe katikati kiwe bakuli, nifunike na bamba la aluminiamu, maji yaende rejeta ya hita ya gari, tangi ni ndoo ya lita 20. Kuna tatizo?

Mkerezaji
Mkuu, shaba safi kabisa. Bakuli ndilo silipendi.

Piga hesabu: maji lita moja kwa dakika yakibeba wati 100 yanapanda nyuzi 1.4 tu. Kwa hiyo kubeba joto si shida. Shida ni joto kutoka kwenye shaba kuingia majini, na hapo kinachotakiwa ni eneo la kugusana. Sakafu tupu ya mm 40 kwa 40 ni mm za mraba 1,600. Chonga vifereji vya mm 1, kuta mm 1, kina mm 5, unapata kama 8,800 palepale. Chini bakiza mm 2 au 3. Leti haiwezi kazi hiyo, tafuta mwenye milingi (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka) na kisu cha duara cha mm 1, na umwambie aende taratibu, maana shaba inanata kwenye kisu.

Maji yaingilie juu, katikati ya vifereji, yatokee pande mbili.

Aluminiamu toa kabisa. Ikikaa na shaba kwenye maji yaleyale unakuwa umetengeneza betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Funika kwa pleksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya mm 10 na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji). Rejeta nayo ikague, za hita nyingi siku hizi ni aluminiamu.

Bibi_Waya
Eneo la vifereji lienee juu ya mfuniko wote wa chuma wa prosesa. Kwenye 3600 kichipu chenye joto hakiko katikati, kiko pembeni.

Ndoo msiicheke. Lita 20 kwa wati 100, hata bila rejeta, zinachukua dakika 14 hivi kupanda nyuzi moja. Ila chumba kikiwa nyuzi 32, maji hayatashuka chini ya hapo.

Chipu_Moto
Nimewaelewa wakuu. Matundu ya kufungia kwenye AM4 (soketi ya prosesa hii) ni mm 54 kwa 90, kipande changu hakifiki. Nichomelee masikio?

Mkerezaji
Usichomelee, itapinda. Kata fremu ya chuma ikandamize kwa juu, skrubu nne. Uso wa chini sugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, namba 400 hadi 1000. Halafu zungusha maji siku nzima nje ya kompyuta, umeitandikia tishu. Ikilowa hata kidogo, fungua uangalie oringi.