Kijana niliyemfundisha nota sasa ndiye mwalimu wa kwaya, moyo wangu umegoma. Naombeni ushauri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimefundisha kwaya ya usharika wetu miaka 14. Mwaka huu wazee wa kanisa wamemkabidhi kijana niliyemfundisha mwenyewe, tangu hajui do wala re. Mbele ya watu niliitikia amina nikampa mkono. Nyumbani sikulala.

Kinachonitesa ni hiki. Jumamosi iliyopita sauti ya tatu walipotea katikati ya wimbo, kijana akawapigia kinanda mara nne, wapi! Mimi nilishajua: pale ni fe (fa iliyopandishwa nusu sauti), wao wanaimba fa. Nikanyamaza, na nikafurahi. Nimekaa benchi la besi nafurahia sifa za Mungu zikivurugika! Tena daftari langu la nota ameniomba mara mbili, namwambia bado nalitafuta. Liko juu ya kabati. Nihame usharika?

mama_wawili: Pole kaka. Usihame, utahama nacho hicho kiburi. Wafilipi 2:3 inasema kila mtu amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake. Huyo mwenzio ni kijana wako mwenyewe, umemlea wewe.

mzee_wa_zamu: Mwanangu, soma habari za Barnaba. Wanafunzi walipomwogopa Sauli (ndiye Paulo) kule Yerusalemu, yeye ndiye aliyemshika mkono. Matendo 11 akamfuata mpaka Tarso, akamleta Antiokia. Sasa fungua sura ya 13. Inaanza na "Barnaba na Sauli", na kabla haijaisha tunasoma "Paulo na Barnaba". Jina la Barnaba aliyemleta limerudi nyuma, na husomi popote kwamba alinuna. Safari iliendelea.

besi_wa_kwanza: Shikamoo mzee. Lakini Barnaba huyohuyo, sura ya 15, aligombana na Paulo hadi wakaachana. Unyenyekevu si kumeza kila kitu. Kama wazee walimtoa ndugu yetu bila hata kumwita, wamekosea, na aende akawaambie.

mzee_wa_zamu: Marahaba. Ni kweli waligombana, na kwa ukali. Ila angalia aligombea nini: alimtetea Marko, kijana ambaye Paulo hakumtaka tena safarini. Kiti chake hakukitetea.

Mwenye uzi: Mzee, hapo nimelia. Na niseme ukweli wote: wazee waliniita mara mbili mwaka jana tuzungumzie kuandaa vijana, nikasema nimebanwa na kazi. Daftari nimelishusha sasa hivi, panya wamekula pembe za kurasa za mwisho. Jumamosi nampelekea. Ila kumwambia kwamba nilijua kosa nikanyamaza, hapo sijui nitaanzaje.

mama_wawili: Fika mapema kabla wenzenu hawajaja. Mfungulie ukurasa wa wimbo ule, mwonyeshe hiyo fe, halafu mwambie uliisikia.

Mwenye uzi: Mazoezi ni saa kumi. Nitafika saa tisa. Niombeeni.